Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Taharuki Inayosimuliwa na Mtu Mwongo na Asiyependeka

Msimulizi anayedanganya kila sentensi anaiua hadithi. Msomaji akishagundua kwamba hakuna alichoambiwa kilicho kweli, anafunga kitabu, na ana haki. Msimulizi anayefaa ni yule ambaye karibu kila anachosema ni kweli, ila anaruka. Anaruka saa chache za usiku mmoja. Anaruka jina la aliyetenda. Anajibu swali ambalo hakuulizwa. Kiswahili kinamsaidia sana mtu wa namna hii, pengine kuliko lugha nyingi, na ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu ni ya vitenzi.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Edgar Allan Poe aliitumia mwaka 1843 kwa muuaji anayehangaika kutuhakikishia kwamba akili zake ni timamu, na mhakiki wa Marekani Wayne C. Booth akampa msimulizi wa aina hii jina la kitaaluma mwaka 1961. Kwetu, riwaya za upelelezi tangu Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, alipotokea kitabuni mwaka 1960 zimependa kutuweka upande wa anayetafuta ukweli. Hapa tunakaa upande wa anayeuficha, na tunakaa ndani ya kichwa chake.

Nitatumia hadithi moja ya kubuni kama mfano. Msimulizi ni mwalimu mkuu mstaafu, Mwalimu Zabroni, anayeishi Korogwe. Mkewe amefariki ghafla. Uani kuna mpangaji, kijana fundi simu anayeitwa Idi. Binti yao, Neema, ni muuguzi Tanga mjini.

Hatua ya 1: Andika ukweli kwanza, kwenye daftari jingine

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa sauti yake, andika kilichotokea, kikavu, kwa saa. Usiruke hatua hii. Hadithi nyingi za aina hii huvunjika katikati kwa sababu mwandishi mwenyewe hajaamua ukweli ni upi, akidhani utata utamficha.

Ukweli wa Mwalimu Zabroni ni huu. Saa moja na nusu jioni aligombana na mkewe kuhusu pesa za pango alizompa dada yake. Saa mbili kasorobo mke yuko jikoni, maharage yako kwenye jiko la gesi, na kishindo kinasikika. Mwalimu anadhani mkewe anajifanya, kama anavyodhani siku zote wakigombana. Anapandisha sauti ya redio, anasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, anaendelea na vipindi vilivyofuata. Saa tano usiku anasikia harufu ya kuungua. Anaingia jikoni, anamwona sakafuni, bado anapumua. Anazima gesi, anazima taa, anarudi chumbani. Saa kumi na moja alfajiri anapiga kelele kuita majirani.

Hakumpiga, hakumwekea sumu. Mke alipatwa na kiharusi. Kosa lake ni kutoita mtu, na sababu yake ni kiburi kwanza, kisha aibu ya kuulizwa kwa nini hakuita mapema. Napendelea kosa la namna hii kuliko panga na damu, kwa sababu kosa la kuacha kutenda linaweza kufichwa kwa sentensi za kweli tupu.

Kwenye daftari hilohilo andika nani anajua nini. Idi alirudi saa nne usiku, kwa hiyo hakusikia kishindo. Alisikia redio ikiwa juu, na saa tano aliona taa ya jikoni ikizimwa. Haoni ubaya wowote katika hayo. Neema hajui chochote, lakini kazi yake imemfundisha kuuliza. Jamaa wa mgonjwa wa kiharusi huulizwa mapema kabisa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Swali hilo lina sababu ya kitabibu, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya takriban saa nne na nusu tangu dalili zianze, pale inapopatikana. Kwa Neema ni swali la kawaida. Kwa baba yake ni mtego.

Hatua ya 2: Amua anadanganya kwa namna gani

Kuna anayejua ukweli akauficha, kuna anayejidanganya mwenyewe, na kuna asiyejua kwa sababu ni mtoto, mgonjwa au mlevi. Wa kwanza akisimama peke yake huchosha: anakuwa tapeli tu, na msomaji anasubiri akamatwe. Wa tatu anahitaji uangalifu mkubwa, nitarudi kwake. Utamu uko mahali wa kwanza na wa pili wanapokutana, yaani mtu aliyeanza kwa kuficha, akarudia maneno yake mara nyingi hadi akaanza kuyaamini.

Kumbukumbu hufanya hivyo kweli. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yaliyogongana, kisha wakawauliza yalikuwa kwenye mwendo gani. Walibadilisha kitenzi tu. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, cha kubamizana, walikadiria mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi chepesi cha kugongana. Katika jaribio lililofuata, baada ya wiki moja, waliosikia kitenzi kizito walikuwa wepesi zaidi kukumbuka vioo vilivyovunjika, na vioo hivyo havikuwepo kwenye filamu.

Tumia hilo hivi: mfanye msimulizi aokote maneno ya watu wengine. Kwenye msiba mama mmoja anasema, kwa nia njema, "Labda alikuwa anasali, Mungu akamchukua." Kurasa thelathini baadaye Mwalimu anaandika kwamba mkewe alikuwa na kawaida ya kusali jikoni. Kurasa sitini baadaye anakumbuka sala yenyewe. Usimnong'oneze msomaji. Atakayekumbuka yule mama wa msibani atapata baridi mgongoni, na asiyekumbuka hapotezi kitu.

Hatua ya 3: Mpe mtu wa kumsikiliza

Hakuna mtu anayejitetea hewani. Msimulizi mwongo lazima awe anamwambia mtu fulani, kwa sababu fulani, siku fulani. Anayemwambia askari wa upelelezi anaficha tofauti na anayemwambia mchungaji, na wote wawili wanaficha tofauti na anayemwambia mkwewe. Ukichagua msikilizaji, nusu ya sauti imejitunga yenyewe.

Mwalimu Zabroni namfanya aandike barua ya malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa. Hadithi nzima ni barua hiyo, inayoanza kama ukurasa mmoja ikakataa kwisha:

*Ndugu Mwenyekiti,*

*YAH: MWENENDO WA MPANGAJI WANGU*

*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Siandiki "husika na", kama wanavyoandika vijana wa ofisini kwako. Niliwafundisha wawili kati yao na sikuwafundisha hivyo. Kijana Idi alichukua chumba cha uani mwezi wa tatu mwaka jana, akalipa miezi mitatu, kisha akaomba alipe mwezi kwa mwezi. Nilikubali. Marehemu mke wangu ndiye aliyenishauri, na huu si wakati wa kumlaumu.*

Tazama tulichopata kwa mistari michache. Ana dharau, ana ustadi, na kifo kimetajwa pembeni, ndani ya kishazi, kama maelezo ya kwa nini kodi inalipwa mwezi kwa mwezi. Mtu aliyefiwa na mkewe anaandika kuhusu mpangaji. Msomaji anajiuliza kwa nini. Umbo la barua ya ofisi pia linampa ruhusa ya kuwa baridi, kwa sababu barua hizo ndivyo zilivyo, na hilo linachelewesha shaka.

Hatua ya 4: Mfanye asipendeke, lakini asiachike

Hapa waandishi wengi huogopa, wakampa msimulizi utoto wa mateso ili tumwonee huruma. Nashauri uachane na jambo hilo. Huruma ya kuombwa inamtoa msimulizi kizimbani kabla kesi haijaanza.

Ubaya unaochoma ni ule mdogo unaofahamika nyumbani. Msomaji wa hadithi humvumilia jambazi bila shida, ila mzee anayehesabu vijiko vya sukari vya wageni wa matanga hamvumilii, kwa sababu anamjua. Mwalimu Zabroni anasahihisha Kiswahili cha mtu anayempa pole. Anaweka alama kwenye chupa ya mafuta ya kula. Siku ya tatu baada ya mazishi anachukua daftari la mkewe la watu waliokuwa wakidaiwa pesa za vitenge, anazunguka mtaani kudai, nyumba kwa nyumba, na anatueleza kwa fahari kwamba amekusanya karibu zote.

Kinachomshika msomaji ni mambo mengine. Kwanza anaona vizuri: anayedharau watu huwa anawatazama sana, na maelezo yake ya majirani yawe makali na ya kuchekesha kiasi kwamba msomaji anacheka kisha anajionea aibu. Pili, ana haki kidogo. Idi kweli hulipa kwa kuchelewa, na muziki wake kweli uko juu. Tatu, anataka kitu kwa nguvu, na anakitaka sasa. Anataka Idi aondoke.

Kazimoto wa Euphrase Kezilahabi, katika *Kichwamaji* (1974), ni somo zuri la hili: msomi wa chuo kikuu anayesimulia mwenyewe na haombi kupendwa hata kidogo. Si hadithi ya taharuki, lakini ukitaka kuona jinsi sauti yenye kiburi inavyoweza kubeba riwaya nzima kwa Kiswahili, ipo.

Hatua ya 5: Fanya kazi kwenye vitenzi

Hii ndiyo hatua yenyewe. Usiku wa tukio, kwa mara ya kwanza, Mwalimu anausimulia hivi:

*Usiku ule nilisikiliza taarifa ya habari. Mama Neema alikuwa jikoni. Maharage yakaungua, gesi ikazimika, nikalala. Alfajiri nikaamka, nikamkuta.*

Hakuna uongo mwingi hapo. Soma tena vitenzi. Yakaungua. Ikazimika. Kauli hii ya kutendeka, yenye -ik- au -ek-, humwondoa mtendaji kabisa. "Gesi ilizimwa" ingeacha mlango wazi, maana kuzimwa kunadai mtu aliyezima na msomaji angeweza kuuliza nani. "Ilizimika" haimdai mtu. Kikombe kilivunjika, maziwa yalimwagika, mlango ulifungika: tangu utotoni tumeitumia kauli hii kujiokoa mbele ya mama, na ndiyo maana haimshtui msomaji inapopita. Mpe msimulizi wako kutendeka kila mahali penye mkono wake, na kutenda mahali penye mikono ya wengine. Idi *alivunja* kufuli. Kikombe cha Mwalimu *kilivunjika*.

Kisha tazama -ka-. Ikazimika, nikalala. Kiambishi hiki kinasukuma tukio moja juu ya lingine kana kwamba hakuna nafasi katikati. Kati ya "ikazimika" na "nikalala" pamejaa kila kitu: mtu sakafuni, pumzi, taa, hatua za kurudi chumbani. Ukitaka kuficha saa sita, zipitishe kwenye -ka- mbili. Ukitaka msomaji ashuku baadaye, rudi palepale na ubadilishe mwendo: *nilikuwa nimezima*, *nilipokuwa nikitoka*. Ghafla muda unafunguka na saa zilizofichwa zinaonekana.

"Nikamkuta" nalo limekatwa makusudi. Alimkuta wapi, akiwaje? Kitenzi kinachohitaji maelezo na hakipewi ni alama ya kidole mezani. Usiziweke nyingi, mbili au tatu kwa sura zinatosha.

Neno "eti" ni hatari, na litumie kwa hatari yake. Linamwonyesha anayesema kwamba hayaamini maneno ya mwingine. Kwenye ukurasa wa pili wa barua Mwalimu anaandika: *Kijana huyu anazunguka mtaani akisema eti alisikia kishindo.* Msomaji anapita. Baadaye, Idi anapozungumza mwenyewe msibani, anasema tu: "Mwalimu, pole sana. Nilidhani mko macho, redio ilikuwa juu." Idi hakuwahi kutaja kishindo. Hakuwepo kilipotokea. Aliyekisikia alikuwa mtu mmoja tu, na ameshaandika. Hilo ni kosa la msimulizi na ni zawadi kwa msomaji makini, na halijahitaji neno hata moja la maelezo kutoka kwako.

"Kumbe" mnyime. Kumbe ni neno la mtu anayegundua, na katika hadithi hii anayegundua ni msomaji.

Majina ya kumwita mtu yafanye kazi pia. Mwanzoni Idi ni "kijana Idi", kisha "kijana huyu", kisha "kijana wako" akimwandikia mwenyekiti, kisha "mtu huyo", na siku moja, kwa hasira, "kijitu hiki". Mke naye anatoka kwenye "mke wangu" hadi "Mama Neema" hadi "marehemu". Ana jina lake mwenyewe, Esta. Liweke akiba. Lije mara moja tu katika riwaya nzima, mahali ambapo Mwalimu amechoka kuandika na amesahau kwamba anamwandikia mwenyekiti.

Jambo la pembeni: Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye vitenzi, kwa hiyo unaweza kumficha mtu jinsi yake kwa sura nzima kwa *a-* na *m-* tu. Inajaribu sana. Lakini watu wetu huitana kaka, dada, shangazi, bwana, na msimulizi anayeyakwepa yote hayo ataonekana anakwepa. Itumie kwa muda mfupi au iache.

Hatua ya 6: Vitu haviongopi

Vitu vilivyomo ndani ya nyumba ndivyo vinavyompinga msimulizi, kwa hiyo chagua vichache na uvitaje kwa sababu nyingine. Ushahidi usitajwe kamwe kama ushahidi. Utajwe kama kero.

Sufuria iliyoungua inatajwa kwanza kwa sababu Mwalimu analalamika kwamba wanawake wa msibani wameisugua kwa mchanga ikakwaruzika, na ilikuwa sufuria nzuri. Mtungi wa gesi unatajwa kwa sababu anasikitika kwamba kwa siku tatu chai ya waombolezaji imechemshwa kwa mtungi wake na hakuna aliyejitolea kuchangia. Umeona? Sufuria iliungua, kwa hiyo jiko liliachwa likiwaka. Mtungi ulikuwa na gesi ya siku tatu, kwa hiyo haikuisha. Nyumba haikuungua. Mtu alifunga gesi. Sentensi mbili za ubahili, zilizo mbali kurasa nyingi, zinamshitaki zikikutanishwa.

Anayezikutanisha ni Neema, na asizikutanishe kwa hotuba. Anaingia jikoni, anainua mtungi kidogo kupima uzito, anaurudisha chini. Baba yake anaeleza tendo hilo kwa kuudhika: *Binti yangu ana tabia ya kugusagusa vitu.*

Hatua ya 7: Usiku uleule, mara tatu

Usimulie usiku ule mara tatu, kila mara kwa sababu mpya inayomlazimisha. Mara ya kwanza ni ile ya haraka niliyoandika juu. Mara ya pili ni baada ya Neema kuuliza saa. Sasa anahitaji muda, kwa hiyo anautengeneza, na anautengeneza kwa wingi mno:

*Nilimwambia Neema kwamba mama yake aliniaga saa tatu na dakika kumi. Nakumbuka kwa sababu kipindi cha salamu kilikuwa kinaisha. Alisema, "Baba Neema, mimi namalizia maharage nalala." Nikamwambia asichelewe. Alikuwa na afya njema kabisa.*

Mkweli husema "kama saa tatu hivi". Dakika kumi zimetoka wapi? Pia hapa kuna uongo wa kwanza wa waziwazi kuhusu usiku ule, na ni muhimu uwe wa kwanza kweli. Kabla ya hapo aliruka tu. Msomaji aliyemwamini anasikia kitu kinavunjika bila kujua ni nini.

Mara ya tatu ije karibu na robo ya mwisho, na iwe fupi kuliko zote. Hapo ndipo kutendeka kunageuka kuwa kutenda: *Nilizima gesi.* Usiongeze machozi.

Hatua ya 8: Taharuki iwe mbele, si nyuma tu

Siri ya zamani peke yake haitoshi kubeba riwaya. Msomaji lazima aogope kitu ambacho bado hakijatokea. Hapa ndipo asiyependeka anakuwa wa hatari.

Mwalimu anataka Idi aondoke kwa sababu ya maneno yale yasiyo na hatia kuhusu redio. Kodi haikumwondoa, barua haijamwondoa. Kisha simu ya mteja mmoja inapotea kibandani kwa Idi, mtaa unanung'unika, na Mwalimu anaandika mstari huu: *Mimi sauti yangu inasikika mbali, ni kazi ya miaka mingi darasani.* Kwa mtu anayeishi kwetu, mstari huo unatisha. Neno "mwizi" likipigwa usiku kwa sauti kubwa linaweza kumuua kijana kabla ya alfajiri, na asubuhi gazeti litaandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali, sentensi ambayo nayo haina mtendaji mwenye jina. Mwalimu amegundua silaha ambayo sarufi yake anaijua vizuri.

Tangu hapo usimwache msomaji apumue. Kila jambo la kawaida, Idi kurudi usiku, umeme kukatika, mbwa kubweka, linakuwa tishio, kwa sababu tuko ndani ya kichwa cha mtu anayesubiri nafasi na anatuambia kwamba hasubiri chochote. Kadiri hatari inavyosogea, sentensi zake ziwe za heshima zaidi. Mtu huyu akikasirika anakuwa rasmi.

Hatua ya 9: Lini msomaji ajue

Maoni yangu: mapema kuliko unavyotaka. Kwenye theluthi mbili ya hadithi msomaji awe tayari anajua Mwalimu aliingia jikoni. Ukiuhifadhi ukweli hadi ukurasa wa mwisho unapata mshtuko mmoja. Ukiutoa mapema unapata kurasa mia ambazo msomaji anajua zaidi ya msimulizi anavyodhani, na anamwona anavyoendelea kupanga maneno.

Ukiamua kuuchelewesha, basi cheza kwa haki. Mwaka 1926 Agatha Christie alichapisha riwaya iliyogawanya wasomaji kwa sababu ya msimulizi wake, na utetezi wake hadi leo ni kwamba ukirudi kuisoma, maneno yote yalikuwepo. Jipime kwa hilo. Msomaji akirudi mwanzo, akute kila sentensi ina maana ya pili, asikute sentensi iliyomdanganya tu.

Njia tatu za kufichua nazikataa bila majadiliano marefu. Ndoto: hapana. Ulevi ambao "kumbukumbu zake zinarudi" zote kwa mpangilio: mtu aliyelewa hadi kupoteza kabisa saa za usiku, ubongo wake haukuzihifadhi saa hizo, kwa hiyo hakuna cha kurudi. Anaweza kuambiwa na wengine, au kupata vipande, na vipande ni bora kwa hadithi. Ya tatu ni ile ya "alikuwa na ugonjwa wa akili". Wagonjwa wa akili mara nyingi zaidi ni waathirika wa ukatili kuliko watendaji, na kama hadithi, jibu hilo linafuta kila swali zuri ulilojenga. Mwalimu Zabroni ni mzima. Hapo ndipo penye hofu.

Ukiandika kwa sehemu

Ikiwa hadithi yako itatoka kidogo kidogo, gazetini au kwenye kundi la WhatsApp, na "itaendelea" chini yake, badilisha mambo mawili. Anayesoma sehemu ya kumi na nne hakumbuki mtungi wa gesi wa sehemu ya tatu, kwa hiyo kila kitu muhimu kirudi angalau mara moja zaidi, kwa kero mpya. Na usikate kila sehemu kwa mlango unaogongwa usiku. Kata pale msimulizi anaposema jambo dogo lisilolingana na alilosema juzi, kisha nyamaza. Wasomaji watabishana wenyewe hadi wiki ijayo.

Hatua ya mwisho: mjaribu kwa wasomaji wawili

Wape rasimu watu wawili wasiojuana, penseli mkononi. Usiwaulize kama imewapendeza. Waombe waweke alama moja pale walipoanza kumshuku msimulizi, na nyingine pale walipotaka kuacha kusoma. Alama ya kwanza ikiwa kwenye ukurasa wa kwanza, umemfanya mwongo mno: rudi kwenye vitenzi, punguza. Ikikosekana kabisa, ongeza kitu kimoja cha kumpinga, si maneno. Alama ya pili ukiiona mahali palepale kwa wote wawili, kwa kawaida si kwa sababu Mwalimu ni mbaya mno pale. Angalia kama kwenye kurasa hizo bado anataka kitu, na kama bado anachekesha. Ukishasahihisha, soma tena ile aya ya usiku wa kwanza kwa sauti, taratibu, na hakikisha bado inasema *ikazimika*. Wahariri wa lugha hupenda kuibadilisha iwe *ikazimwa*.